Kimo cha Kijana katika Historia ya Ugusii

Msomaji mpenzi, yamkini umepata kusimama mgongo kwa mgongo na mwenzako wa darasa, na mtu wa tatu akaweka daftari juu ya vichwa vyenu ili aone ni nani aliyempita mwenziwe. Kama wewe ndiwe uliyepitwa, huenda ulicheka pamoja na wengine, kisha usiku ukalala ukijiuliza ni lini utakua. Kijana wa miaka 16 au 17 hukiona kimo chake kuwa hukumu. Akiwa mfupi hudhani kwamba amesahauliwa na maumbile. Akiwa mrefu mno huinamisha mabega apitapo mbele za watu, maana huona kwamba macho yote yanamtazama yeye.

Wasiwasi huo haukuanza nawe. Katika nchi ya Wagusii, yaani kaunti za Kisii na Nyamira za leo, kimo cha kijana kina historia yake. Walitokea watu walioutazama mwili wa kijana kama hati iliyoandikwa, wakadai kusoma ndani yake umri wake, nguvu zake, hata thamani ya kabila lake, na mara nyingi walisoma vibaya. Nataka tuyafuate makosa hayo moja moja, ili mwishoni tujue kimo cha mtu kinasema nini kwa kweli, na ni jambo gani ambalo hakina uwezo wa kulisema.

Wagusii wa kale hawakuandika siku ya kuzaliwa kwa mtoto. Mtu alisemwa kuwa amezaliwa wakati wa njaa fulani, au wa tauni ya ng'ombe, au wa vita na majirani. Baada ya hapo jando ndilo lililokuwa alama kubwa ya umri. Mvulana asiyetahiriwa aliitwa omoisia. Alipotoka jandoni aliitwa omomura, akaacha kulala nyumbani kwa mama yake, na wale waliotahiriwa pamoja naye wakawa wenzake hata uzeeni. Robert LeVine na Barbara LeVine, wataalamu wa Kimarekani waliokaa kati ya Wagusii tangu mwaka 1955 hadi 1957, waliandika kwamba siku hizo wavulana walitahiriwa wakiwa na umri wa miaka 10 hadi 12 hivi, ingawa katika vizazi vilivyotangulia umri huo ulikuwa mkubwa zaidi.

Fikiri maana ya jambo hilo. Mvulana wa miaka 11 kwa kawaida bado hajamfikia mama yake kwa kimo, na sauti yake bado ni nyembamba. Hata hivyo alipotoka jandoni alikuwa omomura. Hakuna mzee aliyemwambia asubiri mpaka aongezeke inchi tatu. Bila shaka watu waliupenda mwili wenye nguvu, hasa kwa vijana waliolinda ng'ombe katika makambi yaliyoitwa ebisarate, ambako abamura waliishi mbali kidogo na nyumba za wazee wao, wakinywa maziwa na kuwa tayari kupigana na wanyang'anyi wa mifugo. Lakini cheo cha utu uzima kilitolewa na jamii kwa sherehe iliyojulikana na wote, wala hakikutafutwa kwa kuutazama urefu wa mtu.

Hali hiyo ilibadilika Waingereza walipoingia. Majeshi yao yaliwashambulia Wagusii mwaka 1905, na tena mwaka 1908, baada ya kijana Otenyo kumchoma mkuki bwana shauri aliyeitwa Northcote. Nyumba zilichomwa, watu wakauawa, na maelfu ya ng'ombe wakatwaliwa. Mwaka 1914, tarehe 12 Septemba, Waingereza na Wajerumani walipigana katika mji wa Kisii. Watu wa pande za karibu waliupora mji, na Serikali ikawaadhibu kwa kuchukua ng'ombe wengine. Ebisarate zilikuwa zimekwisha kupigwa marufuku muda mfupi kabla ya vita hivyo. Yaweke mambo haya moyoni, msomaji, maana tutakapofika kwenye habari za chakula tutayahitaji.

Serikali mpya ilitaka kodi na ilitaka wafanyakazi, na kwa mambo hayo mawili ilihitaji kujua nani ni mtu mzima. Sheria ya kuwaandikisha wanaume Waafrika ilitungwa mwaka 1915, ikaanza kutumika baada ya vita. Kila mwanaume aliyehesabiwa kuwa amefikisha miaka 16 alipaswa kuwa na kipande chenye jina lake na alama za vidole vyake, nacho kilitiwa ndani ya kikebe cha chuma na kuvaliwa shingoni. Vijana wa umri huohuo waliingizwa pia katika hesabu ya kodi ya kichwa. Lakini nani angaliweza kuthibitisha miaka 16? Hapakuwa na cheti cha kuzaliwa. Kuandikisha vizazi na vifo hakukuwa lazima katika nchi nzima ya Kenya mpaka mwaka 1971, miaka 8 baada ya Uhuru. Basi karani alimtazama kijana aliyesimama mbele yake, akaangalia kimo, kifua, ndevu na sauti, kisha akaandika.

Hapo ndipo mwili ulipogeuzwa kuwa cheti. Kijana aliyekua mapema, akawa mrefu akiwa na miaka 14, aliweza kuandikwa kuwa mtu mzima na kudaiwa kodi. Aliyechelewa kukua, hata akiwa na miaka 19, aliweza kuambiwa arudi nyumbani akachunge mbuzi. Wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza makosa ya namna hiyo yalikuwa na bei kubwa zaidi. Mwaka 1917 Serikali iliwakusanya wapagazi kwa wingi ili wabebe mizigo ya jeshi kwenda Afrika Mashariki ya Kijerumani. Wapagazi wengi mno hawakurudi, na maradhi na njaa na uchovu viliwaua wengi kuliko risasi. Kijana ambaye mwili wake ulionekana umekomaa, kumbe ndani mifupa bado inakua, alikuwa katika hatari ya kubebeshwa mzigo wa mtu mzima kwa sababu tu ya urefu wake.

Shule nazo zilikuwa na kipimo chao. Wamisionari Wakatoliki walifungua kituo cha Nyabururu mwaka 1911, na Waadventista wakafuata kule Nyanchwa. Shule zilipoongezeka, swali lilikuwa lilelile: mtoto huyu ana umri wa kutosha kuanza masomo? Labda babu yako atakueleza jinsi walivyopimwa. Mtoto aliambiwa apitishe mkono wa kulia juu ya kichwa na kuligusa sikio la kushoto. Aliyegusa aliandikwa, asiyegusa alirudishwa nyumbani mpaka mwaka ujao. Kipimo hicho kilienea pande nyingi za Afrika Mashariki, na hakikuwa upuuzi mtupu, kwa kuwa kichwa cha mtoto mdogo ni kikubwa kikilinganishwa na mikono yake, na mikono hurefuka akikaribia miaka 6 au 7. Lakini watoto hawakui sawasawa. Mwenye mikono mifupi, au aliyepungukiwa na chakula, alipoteza mwaka mzima wa masomo ingawa akili yake ilikuwa tayari.

Usidhani kwamba mambo hayo yalikuwa ya Afrika peke yake. Uingereza, nchi iliyowatuma wale mabwana shauri, ilikuwa na shida iyo hiyo miaka mia moja kabla. Mwaka 1833 Bunge la huko lilitunga sheria ya kuwakataza wenye viwanda vya nguo kuwaajiri watoto wenye umri chini ya miaka 9, na ya kupunguza saa za kazi kwa watoto wenye umri chini ya miaka 13. Lakini serikali ilianza kuandikisha vizazi Uingereza mwaka 1837 tu. Kwa hiyo daktari alimtazama mtoto na kushuhudia kwamba mwili wake ni wa kadiri ya umri uliotajwa. Wazazi maskini waliohitaji mshahara walimleta mtoto wao mrefu na kusema ameshafikisha umri. Wakaguzi wakaanza kupima vimo vya watoto wa viwandani, na mwaka 1837 daktari wa meno Edwin Saunders alichapa kitabu kidogo cha kuonyesha kwamba meno hueleza umri vizuri kuliko kimo. Naye alikuwa na haki, maana jino la mtoto halicheleweshwi sana na njaa, lakini urefu wake huchelewa.

Juu ya wasichana, kosa lilikuwa la namna nyingine, na madhara yake yalidumu zaidi. Msichana kwa kawaida huanza kurefuka miaka 2 hivi kabla ya mvulana. Katika darasa la watoto wa miaka 12, mara nyingi wasichana ndio warefu. Basi mwili wa msichana uliokua mapema ulihesabiwa na wengi kuwa ushahidi kwamba amekuwa tayari kuolewa, na ng'ombe za mahari zikaanza kuzungumzwa hali akili yake na mifupa yake ingali ya mtoto. Leo sheria haitazami kimo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 imeweka miaka 18 kuwa umri wa chini kabisa wa kuoa na kuolewa, na tohara ya wasichana imekatazwa kwa sheria ya mwaka 2011. Cheti cha kuzaliwa, karatasi ambayo wengi huitafuta tu wakati wa kujiandikisha kwa mtihani, kimekuwa ngao ya msichana.

Sasa tutazame kosa la tatu, la kusoma thamani ya kabila katika kimo. Mwaka 1931 ulitolewa utafiti mashuhuri wa John Boyd Orr wa Uskoti na John Gilks, aliyekuwa mkuu wa idara ya utabibu nchini Kenya. Waliwapima Wamasai na Wakikuyu kwa maelfu. Waliona kwamba mwanaume wa Kimasai, kwa wastani, alimpita mwanaume wa Kikuyu kwa inchi 5, yaani kama sentimita 13, na kwa ratili 23 za uzito. Wamasai walikula maziwa, nyama na damu. Wakikuyu walikula nafaka, viazi na mboga. Wataalamu hao walifanya vema kutaja chakula badala ya damu na ukoo. Lakini wanahistoria wa baadaye wamewalaumu kwa jambo moja. Waliyachukua makabila hayo mawili kana kwamba kila moja lilikuwa likiishi peke yake tangu milele, wakasahau kwamba hapo awali majirani hao walibadilishana maziwa, mifugo na nafaka, na kwamba Wakikuyu waliopimwa walikuwa wamekwisha kunyang'anywa sehemu ya ardhi yao. Inchi zile 5 zilikuwa na historia ndani yake, lakini walizisoma kama desturi ya chakula tu.

Boyd Orr mwenyewe alikuwa amekwisha kuonyesha huko kwao Uskoti, katika miaka ya 1920, kwamba watoto wa shule waliopewa maziwa kila siku walikua kwa kimo na uzito kwa upesi kuliko wenzao wasiopewa. Baadaye alikuwa mkuu wa kwanza wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, na mwaka 1949 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Mzazi wako huenda anayakumbuka matunda ya fikira hiyo katika Kenya huru: mwaka 1979 Serikali ya Rais Moi ilianzisha mpango wa kuwapa wanafunzi wa shule za msingi maziwa, nayo yakaitwa maziwa ya Nyayo.

Mtaalamu mwingine, Alexander Moradi, alizichunguza kumbukumbu za kimo cha askari wa King's African Rifles waliotoka Kenya, na mwaka 2009 akachapa matokeo yake. Aliona kwamba, kwa jumla, Waafrika wa Kenya waliozaliwa katika miaka ya baadaye ya ukoloni walikuwa warefu kuliko waliozaliwa mwanzoni mwake. Jambo hilo haliwezi kufuta dhuluma ya kodi na kipande. Linatuonyesha tu kwamba kimo cha watu wengi, kikijumlishwa, hupanda na kushuka kadiri ya chakula na maradhi ya utoto wao. Askari alipopimwa akiwa na miaka 20, utepe ulisoma habari za miaka yake ya kwanza, alipokuwa mgongoni mwa mama yake.

Turudi Ugusii na swali la chakula. Nchi ile ya vilima imebarikiwa mvua, na udongo wake ni mwema. Wazee walikula ugali wa wimbi, yaani obokima, kwa mboga za chinsaga na mnavu, pamoja na maziwa. Baadaye ng'ombe walipungua kwa tauni na kwa adhabu za Serikali tulizozitaja, na ebisarate zikatoweka. Mahindi, ambayo huzaa sana na hayachoshi kuyalinda na ndege kama wimbi, yalitwaa mashamba. Katika miaka ya 1930 Kisii ilikuwa mojawapo ya sehemu za kwanza ambako Waafrika wa Kenya waliruhusiwa kulima kahawa. Kisha pareto na chai vikafuata. Mazao hayo yalileta fedha, na fedha zilisomesha watoto wengi. Lakini watu nao waliongezeka na ardhi haikuongezeka. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilionyesha watu 1,266,860 katika kaunti ya Kisii na 605,576 katika kaunti ya Nyamira. Huko Kisii ni zaidi ya watu 950 kwa kila kilomita moja ya mraba. Shamba ambalo babu alichungia ng'ombe, wajukuu wamegawana vipande vya migomba na majani ya chai, na mara nyingi mtoto hushiba ugali bila kupata maziwa, yai wala maharagwe.

Kushiba na kulishwa ni mambo mawili. Mtoto anayekosa chakula cha kujenga mwili, au anayeugua kuhara mara kwa mara, mwili wake huacha kurefuka ili uhifadhi uhai. Hali hiyo huitwa udumavu. Katika Kenya nzima, uchunguzi wa afya wa mwaka 2008 hadi 2009 ulionyesha kwamba watoto 35 katika kila 100 walio chini ya miaka 5 walikuwa wamedumaa. Mwaka 2014 walikuwa 26. Na mwaka 2022 walikuwa 18. Hesabu hiyo imeshuka sana, nalo ni jambo la kushukuru, lakini 18 katika 100 bado ni wengi.

Pengine umekuwa ukisubiri, msomaji, nikujibu lile swali lako la usiku: nitaongezeka tena? Basi tuanze na Mfaransa mmoja aliyeitwa Guéneau de Montbeillard. Tangu mwaka 1759 hadi 1777 alimpima mwanawe kila miezi 6 hivi, tangu kuzaliwa mpaka alipokuwa kijana wa miaka 18, na rafiki yake Buffon akayachapa matokeo. Hii ndiyo kumbukumbu ya kwanza inayojulikana ya ukuaji wa mtoto mmoja tangu mwanzo hata mwisho. Ilionyesha kwamba mtoto hukua upesi mno katika miaka ya kwanza, kisha polepole, kisha upesi tena wakati wa kubalehe, na halafu husimama.

Sababu yake imo ndani ya mifupa. Kila mfupa mrefu wa mtoto una tabaka la gegedu karibu na ncha zake, na hapo ndipo mfupa unaporefuka. Wakati wa kubalehe vichocheo vya mwili huharakisha kazi hiyo. Kisha vichocheo hivyo hivyo huifanya gegedu kuwa mfupa mgumu, na kurefuka hukoma. Kwa wasichana ule upesi hufikia kilele kwenye umri wa miaka 12 hivi, na kwa wavulana kwenye miaka 14. Wasichana wengi huwa wamemaliza wakiwa na miaka 15 au 16, wavulana wengi wakiwa na miaka 17 au 18. Lakini hizo ni wastani. Yuko aliyechelewa kubalehe ambaye huendelea kuongezeka hata akikaribia miaka 20, na mara nyingi baba yake au mjomba wake naye alichelewa vivyo hivyo. Tena, mahali penye upungufu wa chakula kubalehe huchelewa kwa watu wengi, na ukuaji hunyooka katika miaka mingi zaidi. Kwa hiyo karani wa kipande aliyemwita kijana wa miaka 17 mtoto alikuwa akitazama njaa, akidhani anatazama umri.

Kama wewe ni mvulana uliyetimiza miaka 14, au msichana uliyetimiza miaka 13, na hujaona dalili yoyote ya kubalehe, au kama umeacha kukua ghafla hali wenzako wanaendelea, nenda hospitali ukamwone daktari bila haya. Aweza kuupiga picha mkono wako na kuona kama gegedu ingali wazi. Lakini usitoe fedha ya mzazi wako kununua vidonge na dawa za unga zinazotangazwa kuwa huongeza kimo. Gegedu ikishafunga, hakuna dawa ya kumeza inayoweza kuifungua, wala kuning'inia kwenye tawi la mti hakurefushi mfupa. Kula maharagwe, mboga za majani, mayai na maziwa kila yapatikanapo, lala usingizi wa kutosha, na ucheze. Mengine uliyapokea kwa wazazi wako na kwa miaka yako ya kwanza, nayo hayana lawama kwako.

Sikufichi kwamba kimo kina athari zake. Katika matangazo ya kuandikisha askari, Jeshi la Ulinzi la Kenya limekuwa likitaka kimo kisichopungua futi 5 na inchi 3, yaani mita 1.60, na kijana aliyepungukiwa na inchi moja hurudishwa nyumbani akiwa na vyeti vyake vyote mkononi. Ni kweli inayouma. Hata hivyo kazi nyingi za dunia hazimwulizi mtu inchi zake. Naftali Temu, mwana wa Nyamira, alipata medali ya dhahabu ya mbio za mita 10,000 katika mji wa Mexico mwaka 1968, nayo ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Kenya katika Michezo ya Olimpiki. Saa iliyompima ilihesabu dakika na nukta tu.

Yafaa pia utazame mbali kidogo. Wataalamu wa nchi nyingi waliokusanya vipimo vya dunia nzima walitoa taarifa mwaka 2016 juu ya watu waliozaliwa kati ya mwaka 1896 na 1996. Wanawake wa Korea Kusini walikuwa wameongezeka kwa zaidi ya sentimita 20 katika miaka hiyo 100, na wanaume wa Irani kwa zaidi ya sentimita 16. Wanaume wa Uholanzi, ambao wastani wao ulikuwa kama sentimita 182, ndio waliokuwa warefu kuliko wote. Lakini katika baadhi ya nchi za Afrika, zikiwemo Uganda na Rwanda, vijana walikuwa wafupi kuliko kizazi kilichotangulia. Damu ya watu haigeuki kwa miaka 100. Kinachogeuka ni chakula, maji safi, chanjo na amani.

Basi hiyo ndiyo habari ambayo kimo husema kwa kweli. Hakitaji umri wa mtu, kama alivyodhani karani; hakionyeshi kwamba msichana yuko tayari kuolewa; wala hakipimi thamani ya kabila. Kimo cha watu wengi pamoja hueleza jinsi watoto wao walivyolishwa na kutunzwa. Na kimo cha mtu mmoja hueleza kidogo tu, maana ndani yake wamo babu na bibi, na homa alizougua, na mambo mengine ambayo hakuyachagua.

Wahenga walisema udongo uwahi ungali maji. Udongo wako wewe, msomaji wa miaka 17, umekaribia kukauka, na hilo halina aibu. Lakini nyumbani kwenu au kwa jirani yenu huenda yuko mtoto ambaye hajatimiza miaka 2, na katika muda huo ndipo udumavu humshika mtoto zaidi. Omba uonyeshwe kijitabu chake cha kliniki, utafute ukurasa wenye mistari ya ukuaji, na uone kama alama zake zinapanda au zimelala. Zikiwa zimelala, mwambie mama yake ampeleke kituo cha afya, na ukirudi toka shambani mletee yai moja. Wewe umejifunza kuusoma mstari ule. Huenda nyumbani hakuna mwingine aujuaye.